Msamaha na Funzo la Kosa: Kuisoma Rosa Mistika Sambamba na Mfano wa Mwana Mpotevu

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa dhamira ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka wa 1971, hukimbilia methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Rosa alikosa, akaangamia, basi. Msahihishaji naye huweka alama ya vyema. Mimi mwenyewe nimeiweka alama hiyo kwa miaka mingi, na makala haya yananuia kueleza kwa nini nilikosea. Riwaya hii haidai kwamba mkosaji sharti aangamie. Inadai kwamba hata mkosaji aliyejifunza huangamia akikosa wa kumpokea.

Dai hili hudhihirika tukiisoma riwaya sambamba na mfano wa Mwana Mpotevu katika Injili ya Luka, sura ya 15. Ulinganishi huu una msingi. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alisoma seminari, na anwani ya riwaya yake ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki.

Hotuba isiyomalizika

Katika mfano huo, kijana anachukua urithi, anautapanya ugenini, kisha njaa inamfikisha kwenye kulisha nguruwe, kazi ya aibu kubwa kwa Myahudi. Hapo anazindukana na kutunga hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana, nifanywe kibarua. Mwanafunzi makini atambue kwamba nyumbani anatamka sehemu mbili tu. Ya tatu haisikiki, kwani baba, mzee mwenye heshima zake, amekwisha kumkimbilia na kumkumbatia, na sasa anaagiza vazi, pete na viatu.

Mbinu hii ya takriri inayokatizwa ndiyo inayobeba maudhui. Funzo lilipatikana kwa nguruwe. Msamaha ulipatikana nyumbani. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Bila funzo, kijana asingerudi. Bila msamaha, angerudi kuwa kibarua maisha yake yote. Wala msamaha haukufuta gharama: mali iliyotapanywa haikurudi.

Baba aliyepiga

Zakaria, babake Rosa, ni kinyume cha baba huyo. Anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles, kabla binti hajatenda lolote kubwa. Kinaya ni kwamba mwenye kuadhibu ni mlevi anayehitaji kusamehewa yeye mwenyewe. Rosa anajifunza woga, na woga si funzo. Akiwa mbali na macho ya baba, woga huo haumkingi dhidi ya Deogratias.

Hata hivyo, tusimfanye Rosa malaika. Baadhi ya makosa yake, yakiwemo ya chuoni Morogoro, aliyatenda akijua. Lakini baadaye anabadilika kwa hiari yake. Hapo ndipo alipozindukana, na watahiniwa wengi huiruka sehemu hii kwa haraka ya kufikia kifo chake.

Kaka mlangoni

Katika mfano, kaka mkubwa anakataa kuingia karamuni. Hamwiti mdogo wake ndugu. Anamtaja kama mwana wa baba. Baba anamrekebisha kwa upole kwa kumkumbusha kwamba aliyerudi ni nduguye. Mfano unaishia hapo, nasi hatuambiwi kama aliingia.

Charles ndiye kaka huyo. Anataka kumwoa Rosa, lakini akigundua kwamba si bikira anamkataa. Rosa wa leo hamhusu. Anachohesabu ni Rosa wa jana. Rosa anajiua. Mwishoni, Rosa na Zakaria wanaonyeshwa mbele ya Mungu wakilaumiana. Swali lililoachwa wazi na mfano, riwaya imelipa jibu moja la kutisha: kaka hakuingia.

Hitimisho

Kwa mwalimu, suala hili si la mtihani pekee. Tangu 1994 sera ya elimu nchini Kenya imewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Huenda mmoja wao ameketi dawati la nyuma tunaposoma riwaya hii. Tukifundisha kwamba Rosa alipata alichostahili, msichana huyo atakuwa amesikia hukumu yake. Tukifundisha kwamba Rosa alijifunza ila wenzake hawakujifunza kusamehe, tutakuwa waaminifu zaidi kwa matini, na kwake pia.

Zoezi

1. "Woga si funzo." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea malezi ya Rosa. (alama 10)
2. Linganisha na utofautishe Charles na kaka mkubwa wa Mwana Mpotevu. (alama 10)