Pongezi kwa Wapima Funza

Nyumbu anapozama Mto Mara, kaskazini mwa Serengeti, nzi hawakawii. Hutaga mayai machoni, puani na mdomoni mwa mzoga. Kwenye joto, huanguliwa ndani ya siku moja hivi.

Wataalamu wa wadudu huanzia hapo. Hupima funza, hutambua wamefikia hatua ipi kati ya tatu za ukuaji, huzingatia joto la mahali, kisha huhesabu kurudi nyuma hadi wakati wa kifo. Baridi huwachelewesha funza, hivyo mtaalamu mkweli (na huyo ndiye wa kupongezwa) hutoa makadirio, si saa kamili.

Kuwatumia nzi kama ushahidi si jambo jipya: mwaka 1247 Song Ci wa China aliandika kisa cha mundu uliomfichua muuaji kwa kuzingirwa na nzi.

Kwa mzoga wa tembo porini, elimu hiyohiyo ya funza inaweza kuonyesha kama jangili alipita juzi au wiki iliyopita.