Fundi wa Besi

Kwaya ikiimba kanisani Umoja au Kayole jijini Nairobi, macho ya watu huwa kwa mwimbaji wa mbele. Lakini gitaa la besi likizimika katikati ya ubeti, hata asiyejua muziki atageuza shingo. Benga haichezeki bila besi inayokimbizana na gitaa la solo, na "Sina Makosa" ya Les Wanyika, iliyorekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1970, bado inawainua watu vitini kwa besi ya Tom Malanga. Wapigaji tumewasifu, na wanastahili. Leo namsifu yule anayeifungua besi kwa bisibisi na kuzipanga upya nyaya zake.

Humpati kwenye duka la vioo. Yuko kwenye kibanda cha redio na spika Kariobangi, au chumbani kwake Jericho, na meza moja, chuma cha kulehemu na mkebe wa skrubu. Besi nyingi zinazomfikia ni za bei nafuu au za mtumba: mbao nzuri, shingo imenyooka, ila nyaya za ndani zilifungwa harakaharaka kiwandani. Mwenye besi ameshakata tamaa, anawaza kuiuza. Fundi huichomeka kwanza na kuisikiliza, kifundo kimoja baada ya kingine, kabla hajagusa skrubu yoyote.

Chini ya kifuniko hakuna mengi. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme hafifu huzaliwa, hupita kwenye kontroli za sauti na toni, kisha hutokea kwenye jeki. Kapasita ya toni haizidi punje ya dengu, nayo ndiyo inayoamua besi itakuwa na giza kiasi gani. Katika Jazz Bass, ambayo Fender waliitoa mwaka wa 1960 na ambayo nakala zake zimeenea kote, kawaida ni mikrofaradi 0.047. Weka 0.1, na toni ikifungwa utapata uzito unaofaa rege. Weka 0.022, nao uwazi unabaki. Kifaa chenyewe ni cha shilingi chache tu Luthuli Avenue. Tena pikapu mbili ambazo kwa kawaida hufungwa sambamba, fundi akiziongezea swichi ya kuzifunga kwa mfululizo, sauti hupanda na kunenepa, na besi moja ikaweza kupiga rumba Jumamosi usiku na pambio Jumapili asubuhi.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya kupambana na mvumo. Umeme wa Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye uzi mnene wa besi, freti ya tatu, hutetema mara 49. Kwa hiyo mvumo wa umeme hukaa ubavuni mwa noti ile ile ambayo mpigaji anaihitaji, juu yake kidogo tu, ukiichafua. Fundi hulivika shimo la nyaya karatasi ya shaba, kila upande hadi chini ya kifuniko, na kuiunganisha na waya wa athi. Ni kazi ya subira na vidole vilivyokatwakatwa na kingo za shaba. Ikiisha vizuri, mpigaji akinyamaza, mvumo kwenye spika hupungua sana.

Hapo ndipo uaminifu wa fundi unapopimwa. Wapo wanaoukata mguu wa athi kwenye plagi ya ampulifaya ili mvumo utulie. Hiyo ni hatari ya kifo: nyuzi za besi zimeungana na athi, na ampulifaya ikiwa na hitilafu, mtu aliyeshika nyuzi na kugusa maikrofoni ndiye atakayekuwa njia ya umeme. Fundi wa kweli hukataa. Ubovu ukiwa kwenye soketi ya ukumbi, humwambia mwenye besi wazi kwamba aitwe fundi umeme, hata kama kwa kusema hivyo anapoteza malipo yake.

Na kuna suala la betri. Besi zenye priampu, yaani saketi ya ndani ya kukuza sauti, hutegemea betri ya volti 9, na nyingi za bei nafuu hunyamaza kabisa betri ikiisha. Jeki ikiachwa ndani usiku kucha, betri inaendelea kuliwa. Swichi moja ya kuikwepa priampu, ili pikapu ziende moja kwa moja kwenye jeki, huokoa ibada nzima. Aliye bora hatoboi hata mbao: hutumia kontroli ya kuvuta yenye swichi chini yake, na vifaa vya zamani humrudishia mwenye besi ndani ya bahasha, ili siku moja akitaka, kila kitu kirudi kilivyokuwa.

Wahasibu wa makanisa na viongozi wa bendi, tengeni fedha za fundi kabla ya kutenga za besi mpya. Mkiichukua besi yenu, mwombeni awafungulie kifuniko awaonyeshe alichofanya, awachoree mchoro wa nyaya, na mumlipe papo hapo.