Fundi wa Vitenzi

Nikisoma matamko ya wanaharakati siku hizi, huwa natafuta kitenzi. Mwanamke kapigwa, katupiwa virago nje, na tamko linasema "changamoto zimejitokeza". Nani kampiga? Halisemi. Hapo ndipo mshairi wa Marekani June Jordan hunijia akilini, maana ufundi wake wote ulisimama juu ya jambo hili: mtenda atajwe.

Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1936, wazazi wake wahamiaji kutoka Jamaica. Baba alimkaririsha Shakespeare angali mtoto mdogo, na kipigo hakikuwa mbali. Baba wa namna hiyo simpongezi, ila sikio la binti lilinoleka mapema. Mwaka 1991, chuoni Berkeley, alianzisha programu ya ushairi, Poetry for the People. Waliojiunga walikutana na kanuni kali: maneno machache yenye kishindo, vitenzi vyenye nguvu, na kile cha "kuwa" kiepukwe.

Kwake mwenyewe hakujilegezea. Alipenda wanawake na wanaume, akalisema hadharani, na katika insha ya mwaka huohuo alikataa yeyote, awe serikali au mwanaharakati mwenzake, kumpangia wa kumpenda. Alipigania haki za wanawake, za Weusi, za Wapalestina. Wala hakukubali kuambiwa achague moja.

Lakini mimi hurudi zaidi kwenye darasa lake la awali, katika chuo cha Stony Brook. Alikuwa akifundisha Kiingereza cha Wamarekani Weusi, lugha ambayo, alivyoieleza, haina kauli ya kutendwa: lazima awepo mtu anayetenda. Muhula ukiendelea, polisi wa Brooklyn wakamuua ndugu wa mwanafunzi mmoja. Darasa likaamua kuandika kwa magazeti, na hapo ukazuka mjadala mzito. Wakitumia Kiingereza sanifu, huenda wakasikilizwa. Wakitumia lugha ya marehemu, barua itaishia kapuni. Wakapiga kura, wakachagua lugha ya marehemu, wakatunga aya iliyowageukia polisi uso kwa uso.

Magazeti yakaikataa, kama walivyotarajia. Jordan akaiingiza katika kitabu chake On Call, mwaka 1985, bila kuisafisha. Alifariki 2002 kwa saratani ya matiti. Leo aya ile ingepitishwa kwanza kwa afisa mawasiliano wa shirika, na polisi wangetoka humo bila kuonekana.