Mkono Unaojua Kuachia

Ukitaka kumpima mfundishaji wa farasi, usimtazame akiwa juu ya farasi aliyekwisha kufuzu. Huyo humbeba hata mjinga. Mwombe akuonyeshe aliyevunjika moyo: aliyewahi kuanguka akiruka kiunzi, au anayetetemeka akiona tandiko tu.

Sikiliza kwanza anachouliza. Fundi wa kweli huanza na mwili: meno yalitazamwa lini, tandiko linambana mabegani, kwato zikoje, anakula vipi? Farasi anayegoma mara nyingi anaumwa, na kugoma ndiyo lugha aliyo nayo. Mfundishaji akianza kwa kumwita mkaidi na kutaka lijamu kali zaidi, mshukuru, uende zako.

Kisha mtazame mkono. Farasi hafundishwi na kule kuvutwa hatamu; hufundishwa na kulegezewa. Akisogea nusu hatua kama alivyotakiwa, kamba ilegee papo hapo. Ikichelewa sekunde chache tu, atakuwa amekwisha kufanya jambo jingine, pengine kurusha kichwa, naye atadhani hilo ndilo lililomletea nafuu. Wamarekani Tom Dorrance na Ray Hunt walijijengea jina kwa kulishikilia jambo hili, na bado watu wanaoliweza ni wachache. Kuvuta kila mtu anajua.

Utulivu nao uuchunguze, maana upo wa imani na upo wa kukata tamaa. Farasi aliyetulia kweli hushusha shingo, hupumua kwa kina, hupepesa macho, na sikio lake moja humfuata mtu. Aliyekata tamaa husimama kama gogo, mdomo umekazwa, masikio hayaendi popote. Mwaka 1858 Mmarekani John Rarey aliwashangaza Waingereza kwa kumtuliza Cruiser, farasi dume aliyeogopwa kwa ukali wake. Njia ya Rarey ilikuwa kumkunja farasi mguu wa mbele na kuufunga kwa mkanda, kumchosha hadi alale chini, kisha kumpapasa na kusema naye kwa upole. Watu walishangilia. Mimi ningetaka kumwona Cruiser wiki iliyofuata, bila mkanda, mikononi mwa mtu mwingine.

Maana mtu mwingine huyo ni wewe, na huenda nawe umeingiwa na woga. Farasi ataujua. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans, yule farasi wa Berlin aliyesifiwa kwa kujua hesabu, alikuwa akisoma vijitikiso vya kichwa ambavyo waulizaji wenyewe hawakujua wanavifanya. Farasi wa namna hiyo utamfichaje pumzi uliyoibana na magoti uliyoyakaza? Kwa hiyo mfundishaji anayemtengeneza farasi peke yake amefanya nusu ya kazi. Aliye bora atakurudisha kwenye mwendo wa kutembea, atakutaka utoe pumzi kwa sauti, atakuonyesha jinsi ya kumsimamisha farasi kwa kumgeuza kichwa upande mmoja, na hataona haya kumaliza somo baada ya dakika 10 mambo yakiwa mazuri. "Panda, acha woga" si mafunzo.

Kabla ya kulipa, fika bandani asubuhi bila taarifa, wakati saisi anaingia na kamba. Ukikuta farasi mmoja baada ya mwingine anajibanza pembeni na kumgeuzia makalio, ondoka na fedha zako.