Tosha kwa Kazi Gani?

Hotuba yenye nguvu kuliko zote katika siasa ya Kenya ina maneno mawili. Tarehe 14 Oktoba 2002, pale Uhuru Park, Raila Odinga alisimama mbele ya umati akasema: Kibaki tosha. Kabla mwaka haujaisha, Kibaki alikuwa Ikulu.

Angalia alichoacha kusema. Kibaki alikuwa bungeni tangu uhuru, waziri wa fedha kwa miaka mingi, makamu wa rais kwa miaka kumi. Raila angeweza kuanika wasifu huo wote jukwaani. Badala yake alichagua kitenzi kinachobaki nusu hadi uongeze kitu mbele yake. Unga huu unatosha watu wanne. Nauli yangu inatosha hadi Rongo. Sasa mgombea anatosha nini? Umati haukuuliza, kwa sababu aliyesema ndiye alikuwa jibu.

Nimeisoma kampeni ya 2022 ya Homa Bay na Migori kama mtu anavyosoma hadithi: wahusika ni nani, wanasifiwa kwa maneno gani, na maneno hayo yanafanya kazi gani. Ni maandishi yetu yanayosomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote. Yako kwenye mabango ya stendi, kwenye fulana za bodaboda, kwenye leso, kwenye gari la vipaza sauti linalokuamsha Jumamosi. Na msamiati wake ni mdogo ajabu. Mchapakazi. Chaguo la wananchi. Mzoefu. Kwa Dholuo kuna ratego, mwenye nguvu, na kuna jatelo, anayetangulia. Jatelo nalipenda, kwa sababu lina njia ndani yake: huwezi kutangulia bila kuelekea mahali. Lakini bango likishaandika jatelo, linaweka picha ya mgombea kando ya picha ya Raila, na njia inaishia hapo.

Tuanze Homa Bay. Evans Kidero, mgombea huru, alikuja na uzoefu ambao hakuna mpinzani angeufikia: bosi wa zamani wa Mumias Sugar, kisha gavana wa kwanza wa Nairobi, 2013 hadi 2017. Gladys Wanga wa ODM alikuwa mwakilishi wa wanawake kwa mihula miwili, na bungeni aliongoza Kamati ya Fedha. Ukiwa mhariri mwenye njaa ya hadithi, hii ni dhahabu. Mmoja ameshawahi kuketi kwenye kiti kama hicho chenyewe, na vitabu vya hesabu vya Nairobi vipo kwa Mkaguzi Mkuu, visomwe. Mwingine amekaa mahali ambapo miswada ya kodi ya nchi nzima hupita, na kumbukumbu za Bunge zipo pia. Hapo "uzoefu" ungekuwa neno lenye nyama.

Lakini haikuwa hivyo. Nilichosikia zaidi ni mmoja anaitwa mgeni aliyerudi baada ya Nairobi kumkataa, na mwingine anaitwa Genowa, tumaini letu. Wanga akashinda, mmoja wa wanawake saba waliochaguliwa magavana mwaka huo, na hilo si dogo. Ila kampeni ilimuuza kwa sifa yake nyepesi ikaacha ile nzito. Kwa nini ufiche kwamba mtu anajua kusoma bajeti?

Migori ilikuwa kioja zaidi. Ochilo Ayacko na Dalmas Otieno, wote wawili waliwahi kuwa wabunge wa Rongo. Wote wawili waliwahi kuwa mawaziri, Dalmas chini ya Moi na tena chini ya Kibaki. Uzoefu dhidi ya uzoefu. Ukiwa na mizani na kila upande una jiwe la uzito uleule, lazima utafute kitu kingine cha kupima. Kitu hicho kilikuwepo tayari: suti ya vipande sita. Piga kura ya chama kuanzia rais hadi MCA, usivunje seti. Ayacko alivaa suti, Dalmas hakuvaa.

Kama unadhani natia chumvi, soma mhusika wa tatu. Mwaka 2018, kwenye uchaguzi mdogo wa useneta wa Migori, kijana aitwaye Eddy Oketch, hajafika miaka 30, alisimama kwa chama kidogo dhidi ya Ayacko wa ODM. Akaambiwa bado mbichi. Akashindwa. Mwaka 2022 mtu huyohuyo akasimama kwa tikiti ya ODM, akawa seneta. Ati miaka minne ilimwivisha. Labda. Mimi naona kilichobadilika zaidi ni koti.

Sasa, ni rahisi kwa sisi wa Twitter kuwacheka wazee wetu kwa hilo. Mimi sicheki. Suti ilikuwa na mantiki yake. Watu ambao walipigwa risasi Kisumu mwaka 1969, na waliozika tena watoto baada ya kura za 2007 na 2017, wana haki ya kupima nguvu kwa swali moja: nani atasimama kati yetu na serikali? Raila aliyewekwa kizuizini mara tatu alikuwa amelijibu kwa mwili wake. Tena watu hawakuwa vipofu. Mwaka 2013 Migori, kaunti ya Wajaluo, Wakuria na wengine wengi, ilimchagua Okoth Obado kwa PDP huku ODM ikitazama.

Shida ni kwamba nguvu ya kusimama mbele ya serikali si nguvu ya kuendesha serikali. Katiba ya 2010 ilimpa gavana kazi za kuchosha: zahanati, chekechea, maji, barabara za mashinani, ushauri kwa mkulima. Mvuvi wa Mbita anayetaka barafu samaki wasioze hahitaji shujaa. Mama anayejifungua Nyatike usiku hahitaji simba. Anahitaji mtu aliyehakikisha nesi amelipwa na stima haijakatwa.

Na kama umri na vyeo ndio uzoefu, basi tumfute Tom Mboya, mtoto wa Rusinga. Alipoingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957 alikuwa na miaka 26 na hajawahi kushika cheo chochote cha kuchaguliwa serikalini. Lakini alikuwa ameongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 alikuwa mezani wakati mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa ukisuluhishwa. Huo ni uzoefu unaoweza kuutaja kwa kitenzi: alijadiliana, akapata nyongeza ya mshahara. Digrii hakuwa nayo. Leo sheria ingemzuia kuwania ugavana, kama inavyonizuia mimi niliyeacha chuo, ingawa kwangu mimi Homa Bay haijapoteza kitu.

Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Kwa hiyo kampeni ya 2027 itakuwa ya kwanza, tangu wengi wetu tuzaliwe, ambapo hakuna mtu wa kusema "tosha" na mjadala ukafungwa. Tayari naona wagombea wakigombania picha yake, nani alikaa karibu, nani alishika mkono gani. Ni maandishi yaleyale, mwandishi tu ndiye hayupo. Na maneno yaliyoegemea jina lake sasa itabidi yasimame yenyewe: mzoefu, ratego, jatelo.

Ayacko na Wanga wanaruhusiwa kuomba muhula wa pili, na hao watakuwa na vitabu vyao wenyewe vya kusomwa. Wapinzani wao watakuwa na vya kwao, popote walipofanya kazi. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti ziko mtandaoni, bure, na zinachosha kweli. Zisome hata kurasa tano. Halafu gari la vipaza sauti likipita mtaani likikuambia fulani ni mzoefu, uwe na swali mkononi kabla hajakupa kofia: mzoefu wa kufanya nini, wapi, na nani alifaidika?