Punk haipimwi kwa kelele, inapimwa kwa kesho yake

Kila mara mtu ananiambia kwamba alienda ku konseri na ilikuwa moto kabisa, ninamuulizaka swali moja: na kesho yake ulifanya nini? Wengi wanacheka. Wanasema nililala, juu nilirudi saa kumi ya usiku. Lakini mimi siulizi kwa mchezo. Mimi ni shabiki wa punk rock, ule muziki wa gitaa za kelele na nyimbo za dakika mbili, na kwa ile aina ya muziki sijaona kipimo kingine chenye kinafaa. Konseri ya punk ni nzuri kama shabiki anatoka mle ndani na anajua kwamba na yeye anaweza.

Tuanze na mfano wenye unajulikana. Tarehe 4 Juni 1976, ku Manchester, Uingereza, kundi la Sex Pistols kutoka London lilipiga mu ukumbi mdogo wenye uliitwa Lesser Free Trade Hall. Kuingia ilikuwa pence 50. Watu walikuwa kama 40 hivi, viti vingi vilibaki wazi. Mwenye kuhesabu faida angesema ni hasara tu.

Sasa muangalie nani aliandaa. Hawakuwa watu wa pesa. Walikuwa wanafunzi wawili wa Bolton Institute of Technology, Howard Devoto na Pete Shelley. Walisoma habari za Sex Pistols mu gazeti, na mu mwezi wa pili wakasafiri hadi High Wycombe, upande wa London, kwenda kujionea. Wakarudi na mawazo mawili: kuleta lile kundi kwao, na kuanzisha kundi lao wenyewe, Buzzcocks. Siku ya konseri ilipofika, Buzzcocks walikuwa hawajawa tayari, wengine wakafungua mu nafasi yao. Sex Pistols waliporudi tarehe 20 Julai, Buzzcocks wakapanda. Wiki sita na kitu tu zilikuwa zimepita.

Kati ya wale watu 40 kulikuwa Peter Hook na Bernard Sumner. Hook hakuwa mwanamuziki. Kesho yake alienda kununua gitaa la besi na pesa yenye alikopa kwa mama yake. Ile urafiki yao njo ilizaa Joy Division, na baadaye New Order. Buzzcocks nao walikopa pauni 500, wakarekodi nyimbo nne, na mu Januari 1977 wakazitoa wenyewe, mu lebo yao wenyewe, New Hormones. Jina la ile sahani ni Spiral Scratch. Kopi za kwanza zilikuwa 1,000, zikaisha zote. Kitu chenye ninapenda zaidi kiko nyuma ya jalada: waliandika kila wimbo ulirekodiwa ku mara ya ngapi. Wimbo huu, mara ya kwanza. Huu, mara ya tatu. Ni kama kumuambia kila mtu: hakuna siri hapa, muangalie tulivyofanya, mufanye na nyinyi.

Na kwa sisi wenye tunahangaikia diploma, mujue hata hili: Devoto aliacha kundi kisha tu ile sahani kutoka, akarudi kumaliza masomo.

Sasa turudi kwetu. Ninaishi Lubumbashi, na sitadanganya: konseri kubwa za kwetu zinanichosha. Mbele kuna viti vya VIP, na kitambaa cheupe juu yake. Nyuma, sisi wanafunzi, tumesimama, tunaona migongo ya watu na simu zao. Mwimbaji anachelewa saa tatu. Akifika, mara nyingi sauti inatoka mu mashine, yeye anatikisa midomo tu. Halafu zinaanza mabanga: jina la mkubwa fulani, jina la mwenye duka, jina la kijana mwenye yuko Ulaya. Kila jina limelipiwa. Muziki unakuwa kama daftari ya madeni yenye inasomwa kwa sauti ya juu.

Ninajua mutanijibu kwamba mabanga inalishaka wanamuziki, juu sahani hazileti tena kitu na haki za mwandishi ni hadithi tu. Ni kweli. Simlaumu baba wa familia mwenye anauza jina ili alipe nyumba. Lakini muangalie kile kitu kinafundisha watu wenye wamesimama nyuma. Kinatufundisha kwamba jina lako linatajwa ukiwa na pesa, na kama huna, kazi yako ni kupiga makofi. Kumbe ile njo shule yenye tunasoma kila siku mu nchi hii, kuanzia auditoire hadi ku ofisi: kukaa nyuma, kusubiri, kushangilia wengine.

Juu ya ile, usiku mmoja wa ku Katuba ulinigusa kuliko konseri zote za ku stade. Vijana wanne, wote wanafunzi, sitataja majina yao, walipiga rock mu uwanja wa nyuma ya nyumba. Kuingia ilikuwa franka 2,000. Tulikuwa kama 30. Hakukuwa jukwaa: wao chini, sisi chini, kati yetu kamba ya moto tu yenye tuliambiwa tusikanyage. Ngoma moja ilikuwa imepasuka, wameifunga na skochi. Mwimbaji, dada mwenye sauti ya kukwaruza, alianza wimbo wa kwanza vibaya, akasimamisha wote, akaanza tena bila kuomba musamaha. Hakuna mtu alimzomea. Ku wimbo wa nne moto ikakatika, vile munajua ya kwetu. Wakaendelea na ngoma na sauti peke yake, na sisi tukawa wale magitaa, tukiimba na mdomo hadi mtu akawasha groupe.

Nikiwa mkosoaji, lazima niseme na ubaya. Nusu ya nyimbo waliziimba mu Kiingereza cha kuiga, na ile nusu ilikuwa baridi. Mpiga gitaa mmoja alikuwa anajiangalia zaidi kuliko alikuwa anasikiliza. Kelele ilikuwa nyingi mahali pengine ambapo hakukuwa wimbo chini yake. Ramones wa New York, mu sahani yao ya kwanza ya 1976, waliweka nyimbo 14 mu dakika zisizofika 30, lakini kila moja iko na sauti yenye unaweza kuimba ukioga. Ufupi si uvivu. Wakati yule dada alirudi ku Kiswahili chetu cha Lubumbashi, akaimba juu ya minerval na mama mwenye anauza makala ili ailipe, hapo watu walisogea mbele. Sikuona mtu mwenye kushika simu.

Tena hatuanzi na sifuri. Mu 1952, ku Jadotville, yenye leo ni Likasi, Hugh Tracey alirekodi Jean Bosco Mwenda akiwa na gitaa kavu moja peke yake. Hakuna orkestra, hakuna VIP. Ile gitaa ilizunguka Afrika na kufika mbali zaidi. Haikuwa punk, na vidole vyake ni vya mtu mwenye alifanya mazoezi sana. Lakini inaonyesha kwamba kitu kidogo, kikipigwa na mtu mwenye ana neno, kinatosha.

Hapa nitoe onyo mbili. Ya kwanza ni juu ya kupenda umaskini. Kundi la Fulu Miziki la Kinshasa linatengeneza vyombo na takataka: mabomba, bidon, vyuma vya kutupwa, na wenyewe wanajiita punk. Ninawaheshimu sana, juu ile kazi ni ya akili na ya mikono. Lakini mtu wa mbali anaweza kufurahia bidon kuliko wimbo. Kijana wa London mu 1976 alipasua shati yake kwa kupenda. Ya kwetu ilipasuka yenyewe. Article 15, jisaidie, si sifa ya kujivunia, ni jeraha lenye tumejifunza kucheza nalo. Kwa hiyo tusiseme ngoma yenye skochi ni nzuri juu iko na skochi. Ni nzuri juu mtu hakusubiri ngoma mpya.

Ya pili ni juu ya hasira. Punk ni muziki wa hasira, na hasira bila anwani inaweza kugonga mlango wa jirani. Mu ile miaka kuna mashabiki na wanamuziki wa London wenye walivaa alama ya Wanazi eti kuchokoza wazee. Sisi wenye tumeona maneno juu ya kabila yakifukuza watu mu nyumba zao, hapa Katanga na pengine mu nchi, hatuwezi kuita ile mchezo. Lakini punk wenyewe wakajibu. Tarehe 30 Aprili 1978, Rock Against Racism ilikusanya makumi ya maelfu ya watu ku Victoria Park, London, na The Clash, Steel Pulse wa reggae, na X-Ray Spex, kundi la Poly Styrene, mwanamke mwenye baba yake alikuwa Msomali. Kelele ni ile ile, lakini ilikuwa imepata anwani: wale wenye walikuwa wanahubiri chuki.

Basi ninashauri nini? Wale wa kamati za promotion, mukiandaa sherehe, muondoe viti vya mbele. Muweke beyi ya kuingia yenye mwanafunzi wa kutembea na miguu anaweza kulipa. Mupe dakika kumi kwa kundi lenye halijawa tayari, hata kama litaanza vibaya na kuanza tena. Na wewe shabiki, weka simu mu mfuko, imba wakati moto inakatika. Kisha uniambie kesho yake ulifanya nini. Si lazima ununue gitaa. Unaweza kuanza gazeti ya kurasa nne, klabu ya kusoma, kundi la kusafisha mtaro wa mtaa wenu. Lakini kama jibu lako ni kwamba ulilala tu, basi walikuuzia kiti, hawakukupigia muziki.