Hofu Isiyo na Zimwi: Mvuto wa Filamu ya Kati Kati kwa Mtazamo wa Meru na Embu

Filamu ya kutisha mara nyingi huhesabiwa kuwa burudani ya kigeni isiyostahili uhakiki wa dhati. Sehemu ya tatizo hili imo katika jina lenyewe. Kitenzi "kutisha" kinadai mtenda na mtendwa: zimwi humtisha mtoto, mwizi humtisha mwenye nyumba. Lakini zipo kazi ambazo ndani yake mtenda haonekani, na anayetishwa ndiye anayejitisha. Hofu ya namna hii ni ya nafsi, na ndiyo inayoipa mvuto Kati Kati, filamu ya Mbithi Masya iliyoonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2016 na kutunukiwa huko tuzo ya shirikisho la kimataifa la wahakiki wa filamu.

Kisa chake ni chepesi kukieleza. Kaleche anazinduka nyikani, hakumbuki lolote la maisha yake. Anaifikia nyumba ya wageni iitwayo Kati Kati, na Thoma, kiongozi wa wakazi wake, anamwarifu kwamba amekwisha kufa kama wao wote. Mahali penyewe panapendeza, na wakazi hucheza na kucheka. Hata hivyo, kila mmoja amebeba jambo ambalo hajathubutu kulikabili, na bila ya kulikabili hawezi kutoka katikati hapo. Mtazamaji hana mnyama wa kumkimbia. Anachoogopa ni kumbukumbu, na anaiogopa kabla hajaijua.

Je, fani hii ni ngeni? Mtu anayetazama mila na masimulizi ya Meru na Embu hana budi kusita kabla ya kujibu kwamba ndiyo. Ni kweli kwamba mna zimwi katika masimulizi ya Waembu na Wambeere, ambayo Ciarunji Chesaina aliyakusanya na kuyachapisha mwaka 1997. Zimwi ni kitisho cha nje: hula, hudanganya, na mwishowe huuawa. Lakini kando yake ilikuwapo hofu ya namna nyingine. Bernardo Bernardi, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu Mugwe wa Wameru, alieleza kwamba kiongozi huyo aliufunika mkono wake wa kushoto, na iliaminika kwamba anayeuona angekufa. Mkono huohuo ulikuwa wa baraka. Nguvu yake haikuwa katika kuonyeshwa bali katika kufichwa. Kiswahili kina neno linalofaa hapa: kicho, yaani hofu iliyochanganyika na heshima.

Mfano wa pili ni kiapo cha nthenge, yaani beberu, ambacho wazee wa Njuri Ncheke wamekitumia katika mashauri ya ardhi. Aliyeapa kwa uongo hafungwi wala hatozwi faini papo hapo. Huachwa aende zake, angoje. Kila homa ya mtoto na kila kifo cha mifugo huwa swali analojiuliza mwenyewe, kwani ndiye ajuaye ukweli. Muundo wa Kati Kati ni muundo huu wa kungoja. Wakazi wake hawana hakimu. Wana muda tu, pamoja na jambo wanalolijua.

Hapa ndipo filamu hii inapostahili kulinganishwa na Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, kazi mashuhuri mno katika uwanja huu. Mwishoni mwa Psycho daktari wa akili anaisimulia hadhira kiini cha maradhi ya Norman Bates, na hofu iliyojengwa kwa ustadi inageuzwa kuwa maelezo. Masya hampi mtazamaji daktari. Mwenye jambo ndiye anayepaswa kulitamka, na kulitamka ndiko kunakomfungua.

Filamu hii haikosi dosari. Jina lake ni la Kiswahili, lakini wahusika husema Kiingereza kwa wingi, na katika ungamo hasara yake huonekana. Aliyekosa katika jamii huungama kwa lugha ambayo jamii hiyo ilimlelea. Isitoshe, kiapo cha nthenge hula mbele ya watu, na madhara yake huogopewa na ukoo mzima. Wakazi wa Kati Kati wanaungama mbali na wale waliowakosea. Watu wa nthenge wangeuliza: aliyedhulumiwa yuko wapi, naye atalipwa nini?

Swali hilo haliipunguzii filamu thamani, bali laonyesha kwamba inaweza kupimwa kwa mizani ya hapa nyumbani. Mtazamaji wa Meru au Embu anayetoka kwenye onyesho akiwa kimya hakutishwa na ugeni. Amekumbushwa jambo ambalo wazee walilijua, kwamba hofu iliyo kuu ni ile ya mtu aliyebaki peke yake na ukweli wake.